Nipe mkono wako: mwongozo kamili wa kushika utulivu siku za shida kwa kusoma na kutenda hisani, kwa njia ya Wayahudi

Katika karne ya 12 mfanyabiashara mmoja wa vito, jina lake David, alisafiri kwa chombo kuelekea India na hakurudi. Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga kuta za Tanga na Mombasa, ilimzamisha pamoja na fedha zake, fedha za nduguye na fedha za watu. Nyuma aliacha mjane na binti mdogo. Nduguye huyo alikuwa Musa bin Maimon, ambaye Wayahudi humwita Rambam, mwanachuoni na tabibu aliyeishi Fustat, Misri. Habari zilipomfikia aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Miaka kama minane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Akka kwamba bado anaomboleza, na kwamba kila akiuona mwandiko wa David moyo wake hupinduka. Akaongeza kwamba lau si Torati, ambayo ndiyo furaha yake, angaliangamia katika mateso yale.

Wengi wakisimulia kisa hiki husema: alisoma, akapona. Ukiisoma barua yenyewe, hukuti kupona. Miaka minane na bado analia. Alichokuwa nacho ni kitu cha kushika, na watu wa kuwatunza. Mjane na mtoto walikuwa mikononi mwake, akafanya kazi ya utabibu, na katika miaka hiyohiyo akaandika Mishneh Torah, vitabu 14 vya sheria, akaikamilisha karibu mwaka 1180. Mkono mmoja kitabuni, mwingine kwa mgonjwa.

Mimi si Myahudi. Haya nimeyapata kwa mzee mmoja wa Nairobi, mtu wa sinagogi, ambaye tulijuana kikazi. Kuna mwaka nilipoteza kazi mwezi wa pili, mwezi wa tano mama akapatwa na kiharusi. Mzee huyo alinipigia simu, nami nikajiandaa kusikia pole ndefu. Akasema, "Mwanangu, niambie ni saa ngapi una dakika kumi. Sisemi leo. Kila siku." Mwongozo huu umetokana na dakika hizo kumi.

Kabla hujaanza

Huhitaji kubadili dini. Wayahudi kwa kawaida hawatafuti waongofu, na rabi wengi humkatisha tamaa anayekuja mbio. Soma, uliza, tenda wema. Lakini ibada ambazo ni zao, kama sala ya Kadishi anayosomewa marehemu, waachie wenyewe. Kuziigiza nyumbani kama maonyesho si heshima.

Na kama hulali kabisa, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali leo, mwongozo huu utakusubiri. Hilo nalo ni fundisho lao. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, inaichukua aya ya Kutoka 21:19 kuwa ndiyo ruhusa aliyopewa tabibu ya kutibu, na kuokoa uhai kunavunja hata Sabato, kwa hoja kwamba amri zilitolewa ili mtu aishi kwazo, si afe kwazo.

Hatua ya kwanza: kipande kidogo, saa isiyohama

Mwalimu Shamai, katika Pirkei Avot (kitabu kifupi cha mafundisho ya mababa kilichomo ndani ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi), anasema: fanya Torati yako iwe jambo la kudumu, sema machache utende mengi, mpokee kila mtu kwa uso wa furaha. Neno analotumia kwa "jambo la kudumu" ni keva, kitu kilichopigiliwa mahali pake. Naye Hillel, mwalimu wa wakati wake, anaonya: usiseme nikipata nafasi nitasoma, huenda usiipate.

Kwa hiyo chagua saa kwanza, kitabu baadaye. Saa nzuri ni ile iliyobandikwa kwenye jambo unalolifanya tayari: baada ya chai ya asubuhi, au ukisubiri daladala ijae. Mimi nilichagua saa mbili usiku, mama akishalishwa. Dakika kumi. Ukijisikia kuendelea, acha hapo hapo, ubaki na hamu ya kesho. Siku mbaya ndiyo siku ya kusoma mistari miwili badala ya kumi, lakini saa ileile, kiti kilekile.

Usome nini? Anza na kile ambacho Myahudi anayesali hukisoma kila asubuhi karibu na mwanzo wa sala. Ni vipande vitatu vifupi, kimoja cha Biblia, kimoja cha Mishna, kimoja cha Talmudi, ili siku isianze bila masomo hata kama mtu atakimbilia kazini. Cha Biblia ni baraka ya makuhani, Hesabu 6:24 hadi 26. Cha Mishna kinataja mambo yasiyo na kipimo: pembe ya shamba inayoachiwa maskini, malimbuko, kuhudhuria hekaluni, matendo ya hisani, na kusoma Torati. Cha Talmudi kinaorodhesha matendo ambayo mtu hula matunda yake hapa duniani na mtaji ukabaki kwa ajili ya akhera: kuheshimu baba na mama, hisani, kuwahi nyumba ya masomo, kukaribisha wageni, kuzuru wagonjwa, kumwezesha bibi harusi, kusindikiza maiti, kusali kwa moyo, kupatanisha watu. Na kusoma Torati, inasema, kunalingana na yote hayo. Ndani ya dakika mbili umepewa somo na umepewa kazi ya siku.

Wiki ya pili hamia Pirkei Avot, fundisho moja kwa siku. Ina sura tano na ya sita iliyoongezwa, na desturi ni kuisoma alasiri za Sabato baada ya Pasaka. Kwenye mtandao iko maktaba ya bure iitwayo Sefaria, yenye Kiebrania na tafsiri ya Kiingereza. Kama Kiingereza kinakusumbua, Biblia ya Kiswahili inakutosha kwa miezi mingi: Zaburi ya 121, ya 130, kitabu cha Ayubu, na fungu la Torati la wiki. Torati imegawanywa mafungu 54, yanazunguka kwa mwaka mmoja, hivyo sinagogi zilizo nyingi duniani ziko fungu moja wiki moja.

Utasikia habari za Daf Yomi, ukurasa mmoja wa Talmudi kwa siku. Wazo hilo alilitoa Rabi Meir Shapiro mjini Vienna mwaka 1923. Kurasa ni 2,711, kuzimaliza ni miaka saba na nusu hivi. Ni kitu kikubwa, na kwa mtu aliye katikati ya tufani sikishauri. Ukurasa mmoja unaweza kula saa nzima, na ukiachwa nyuma wiki moja utaongeza deni jingine juu ya madeni uliyonayo.

Na kama umefiwa juzi tu, usisome. Mfiwa, katika zile siku saba za mwanzo, hukatazwa masomo ya kawaida, kwa sababu Torati hufurahisha moyo na huu si wakati wake. Anaruhusiwa Ayubu, Maombolezo, sehemu za huzuni za Yeremia, na sheria za msiba. Nilipoambiwa hivyo nilishusha pumzi. Kumbe kuna watu walioliona hilo zamani, kwamba kuna siku ambazo kumwambia mtu "jikaze, soma, utatulia" ni kumwonea.

Hatua ya pili: tafuta wa kubishana naye

Hapa ndipo njia hii inapoachana na kujisomea peke yako kitandani. Wayahudi husoma wawili wawili, na jozi hiyo huitwa havruta, neno lenye mzizi wa urafiki. Pirkei Avot inasema: jipatie mwalimu, jinunulie rafiki. "Jinunulie," kana kwamba itakugharimu. Itakugharimu kweli, maana mwenzi mzuri wa havruta si yule anayekubaliana nawe.

Talmudi ina kisa cha Rabi Yohanan na mwenzake Resh Lakish. Resh Lakish alipofariki, wanachuoni walimpelekea Rabi Yohanan mwanafunzi hodari akae naye. Kila Rabi Yohanan akisema neno, kijana anasema: iko nukuu inayokuunga mkono. Mzee akakasirika. Wewe ni kama Resh Lakish? Yeye nikisema neno alinipinga kwa hoja 24, nami nikamjibu kwa majibu 24, na sheria ikapanuka. Wewe unaniambia niko sawa, kwani mimi sijui kwamba niko sawa? Akawa anazunguka akilia akimtafuta mwenzake.

Namna ya kukaa ni hii. Matini moja mbele ya wote wawili, au kila mtu na simu yake. Mmoja asome kwa sauti, sentensi moja tu, mwingine aseme kwa maneno yake ameelewa nini. Kisha swali. Jibu lolote lazima liwekewe kidole kwenye neno. "Nahisi kwamba" haikubaliki; "imeandikwa hapa" ndiyo lugha ya meza. Nusu saa inatosha. Anayefaa ni mtu yeyote atakayeshika saa: dada yako, jirani, mfanyakazi mwenzako. Si lazima muwe chumba kimoja. Mimi na mzee tunatumia simu, kila Jumanne. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na hapo hapo anasema, "Haya, soma." Habari za nyumbani huulizwa mwisho.

Nikuonyeshe kikao kimoja. Matini ilikuwa Berakhot, mojawapo ya vitabu vya Talmudi, ukurasa wa 5, upande wa pili. Nimeiweka kwa Kiswahili changu:

Rabi Hiya bar Aba aliugua. Rabi Yohanan akaenda kumwona. Akamuuliza: Mateso haya unayapenda? Akajibu: Siyapendi, wala thawabu yake. Akamwambia: Nipe mkono wako. Akampa mkono, akamwinua.

"Kwa nini anauliza kwanza?" mzee akaniuliza. "Si amshike mkono tu?"

Nikasema ni adabu, kuomba ruhusa. "Iko wapi?" Sikuwa nayo. Nikasoma tena. Safari hii nikakwama kwenye "wala thawabu yake". Mgonjwa anaulizwa na mwalimu mkubwa, na katika mafundisho ya wakati ule mateso yana thawabu, yeye anasema hata hiyo thawabu siitaki. Na hakuna anayemkemea. Rabi Yohanan hamwambii kazi ya Mungu haina makosa. Anamwambia nipe mkono.

Mimi nimekaa kwenye misiba na kwenye wodi, nimesikia "Mungu ana makusudi yake" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mwenyewe nimeisema. Jumanne ile nilinyamaza kwenye simu muda mrefu. Mzee akasema, "Endelea, kuna sehemu ya pili."

Sehemu ya pili: Rabi Yohanan mwenyewe anaugua. Rabi Hanina anakwenda, swali lilelile, jibu lilelile, anamwinua. Talmudi inashangaa: kwani Rabi Yohanan si ajiinue mwenyewe? Kisha inajibu kwa maneno machache: mfungwa hajitoi gerezani.

Ndiyo maana hatua hii haina njia ya mkato. Aliyewainua wengine alihitaji mkono wa mtu.

Kusoma bila vitabu

Naweka hapa kisa cha jirani zetu, kwa sababu wapo watakaosema mambo haya ni ya watu wenye maktaba. Mwaka 1919, karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, jemadari wa Kiganda aitwaye Semei Kakungulu aliacha Ukristo na, kwa kuisoma Biblia, akaamua kushika sheria za Musa pamoja na watu wake. Wakaitwa Abayudaya. Idi Amin alipoupiga marufuku Uyahudi katika miaka ya 1970, sinagogi zilifungwa na wengi wakaiacha dini, wachache wakasali kwa siri. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo ilikuwa inaingia Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Mmoja wa vijana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alipewa cheo cha rabi mwaka 2008 baada ya kusomea Marekani, akarudi Mbale kufundisha.

Hatua ya tatu: sarafu ya kila siku

Hekalu la Yerusalemu lilipoteketezwa na Warumi mwaka 70, Rabi Yehoshua aliyatazama magofu akalia: ole wetu, pameharibiwa mahali dhambi zetu zilipofutiwa. Mwalimu wake, Rabani Yohanan ben Zakai, akamwambia: usihuzunike mwanangu, tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, matendo ya hisani. Akataja aya ya Hosea, "nataka fadhili wala si sadaka". (Kwenye Biblia yetu "sadaka" hapo ni dhabihu ya kuchinjwa, si ile ya kumpa maskini.)

Neno lao la kumpa maskini ni tsedaka. Ni ndugu wa damu wa sadaka yetu tuliyoipata kwa Waarabu, ila kwa Kiebrania linabeba pia maana ya haki. Unachompa mwenye shida ni chake.

Rambam anatoa ushauri wa kiutendaji ambao sijauona ukisemwa vizuri hivyo kwingine. Mtu mwenye sarafu elfu moja za dhahabu, anasema, akimpa mtu mmoja zote kwa mara moja hatapata ile tabia ya ukarimu atakayoipata akitoa sarafu moja moja mara elfu. Mkono unaofunguka mara elfu hujifunza kufunguka.

Basi weka kopo. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko linafaa. Kila siku, kabla ya dakika zako kumi za kusoma, tumbukiza shilingi mia. Nilipokuwa sina kazi niliona ni upuuzi, mimi ndiye wa kupewa. Mzee akanijibu kwamba sheria inamtaka hata maskini anayeishi kwa tsedaka atoe kidogo. Nikatumbukiza. Sikupata utajiri, ila kwa nusu dakika kila usiku nilikuwa mtu anayetoa.

Dari nalo lipo: wanachuoni wa Usha, mji wa Galilaya, waliamua anayetoa asipite sehemu moja ya tano ya mali yake, asije naye akageuka mhitaji.

Hatua ya nne: mzuru mgonjwa, na ujue saa

Talmudi inasema hisani inaishinda tsedaka kwa mambo matatu. Tsedaka ni ya mali, hisani ni ya mali na ya mwili. Tsedaka ni ya maskini, hisani ni ya maskini na tajiri. Tsedaka ni ya walio hai, hisani ni ya walio hai na waliokufa. Kwa hiyo asiye na senti hana udhuru.

Kuna maelekezo ya saa, na sisi Waswahili tunayaelewa bila mkalimani, kwa kuwa wao huhesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza kama sisi. Usimzuru mgonjwa katika saa tatu za kwanza za mchana, wala saa tatu za mwisho. Asubuhi huwa ana nafuu, utadhani amepona na hutamwombea. Jioni ugonjwa humzidi, utakata tamaa. Nenda kati ya saa tatu na saa tisa. Niliposoma nilicheka peke yangu: mama alikuwa hivyo hivyo, asubuhi anadai uji, magharibi hataki hata kuguswa.

Ukifika, ufanye nini? Rabi Akiva alikwenda kwa mwanafunzi ambaye hakuna aliyemjali, nyumba ikafagiwa na sakafu ikanyunyiziwa maji. Mgonjwa akasema: mwalimu, umenihuisha. Ndiyo orodha yako hiyo. Fagia. Osha vikombe vilivyo chini ya kitanda. Uliza dawa ya saa ngapi. Chaji simu yake. Ondoka kabla hajachoka.

Anayemzuru mgonjwa, wanasema, humwondolea sehemu moja ya sitini ya maumivu. Wakaulizana: basi waingie watu sitini, ainuke! Jibu: kila mmoja anaondoa moja ya sitini ya kilichobaki. Nimepiga hesabu hiyo kwa kikokotoo. Baada ya watu sitini bado inabaki zaidi ya theluthi. Maumivu hayaishi kwa wageni. Yanapungua.

Na usiende na hotuba. Katika ukurasa ule ule wa Berakhot kuna kisa cha tatu. Rabi Yohanan anakwenda kwa Rabi Elazar, amelala kwenye chumba cha giza, analia. Anamuuliza kwa nini analia. Kama ni kwa sababu hukusoma Torati ya kutosha, haidhuru, mwingi na mchache ni sawa ilimradi moyo umeelekea mbinguni. Kama ni riziki, si kila mtu hupata meza mbili. Kama ni watoto, tazama, huu ni mfupa wa mwanangu wa kumi. Rabi Yohanan alikuwa amezika wana kumi. Hoja tatu, zote nzito, na zote hazikugusa. Rabi Elazar anasema analilia uzuri utakaooza udongoni. Rabi Yohanan anasema, kwa hilo hakika unastahili kulia. Wakalia wote wawili. Baada ya hapo tu ndipo likaja "nipe mkono wako".

Hatua ya tano: msibani, nyamaza

Msiba wao mkuu ni wa siku saba, na jina lake, shiva, ni saba hiyo hiyo kwa Kiebrania. Mlango huachwa bila kufungwa ili wageni wasibishe hodi. Mlo wa kwanza baada ya maziko mfiwa hali chakula chake. Majirani huleta mayai na dengu, vitu vya mviringo. Mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze kusema. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri; walipofungua midomo wakaharibu.

Ukienda kuhani wiki hii, jaribu. Salimia, kaa, kunja mikono. Kimya kitakuwasha, vumilia.

Hatua ya sita: anzisha gemahi

Ngazi ya juu kabisa ya tsedaka, katika ngazi nane za Rambam, ni kumshika mtu kabla hajaanguka: kumpa zawadi au mkopo, kushirikiana naye biashara, kumtafutia kazi. Kutokana na wazo hilo Wayahudi wana kitu waitacho gemach, tutamke gemahi, ufupisho wa maneno ya matendo ya hisani. Ni mfuko wa mikopo isiyo na riba, au ghala la vitu vya kuazima: magauni ya harusi, vitanda vya watoto, magongo, sufuria za shughuli.

Tofauti yake na kikoba ni kwamba hapa hakuna faida ya kugawana mwisho wa mwaka. Torati imekataza riba, na wanachuoni wakaenda mbali zaidi: ukijua mdeni wako hana cha kulipa, hata kupita mbele yake makusudi umekatazwa, kwa sababu unamtesa. Sheria hiyo ingetekelezwa kwenye mtaa wangu, wengi wangebadili njia ya kwenda sokoni.

Sisi tulianza na kitu kimoja. Mama alipoanza kutembea kwa fimbo, kiti chake cha magurudumu kilibaki kona ya sebule, na ndugu wakashauri kiuzwe. Nikanunua daftari la mistari, nikachora safu nne: jina, simu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Sharti ni moja, kirudi kikiwa safi. Mwazimaji wa kwanza alikirudisha na pancha, tukaziba. Sasa kiko kwa mtu wa tatu. Wiki iliyopita mwanamke asiyenijua alileta magongo ya marehemu mumewe, akasema ameambiwa kuna nyumba wanaandika kwenye daftari. Kama mnataka mfuko wa fedha, watu wanane wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja ni 160,000, mikopo mitatu midogo ya miezi mitatu. Mtu mmoja ashike fedha, mwingine daftari, wasiwe mume na mke.

Hatua ya saba: siku moja bila habari

Sabato ina sheria zake kwa wenyewe, na ni nyingi. Kwa asiye Myahudi kipo cha kuazima: kuanzia jua la Ijumaa linapotua hadi nyota za Jumamosi, simu droo, chakula kimepikwa mapema, hakuna mazungumzo ya madeni. Wao huwasha mishumaa yapata dakika 18 kabla ya machweo, na wengi hutia sarafu koponi kwanza. Huko London wakati wa baridi Sabato huingia alasiri, watu wanakimbizana kutoka ofisini. Mzee wangu wa Nairobi hana shida hiyo, machweo ya kwao hayachezi zaidi ya kama nusu saa mwaka mzima. Hata mwombolezaji, siku hiyo maombolezo ya hadharani husimama. Anavaa vizuri, anakwenda sinagogi, Jumamosi usiku anarudi chini.

Ukiishiwa nguvu

Watu wawili wako jangwani, maji ni chupa moja. Wakigawana wote watakufa, akinywa mmoja atafika. Ben Petura alifundisha wagawane, mmoja asione kifo cha mwenzake. Akaja Rabi Akiva akafundisha: uhai wako unatangulia. Hisani inayokumaliza haimo kwenye mwongozo huu. Ukiuguza, omba zamu. Wiki ambayo huwezi kuzuru mtu, usizuru.

Na ukiruka siku za kusoma, usizilipe. Fungua pale mlipo leo. Mimi nimeachwa nyuma mara mbili, safari moja kwa miezi miwili nzima, na nilipopiga simu nikiwa nimetunga udhuru wangu vizuri mzee hakuuliza chochote, alisema tu, "Sura ya tatu, fundisho la pili." Ni maneno ya Rabi Hanina ben Teradyon: watu wawili wakikaa pamoja na kati yao yako maneno ya Torati, Uwepo wa Mungu uko kati yao. Kesho ni Jumanne, ameniambia nije na maswali matatu juu ya neno "wawili", na mpaka sasa ninalo moja.